Diski ya kuwashia kompyuta kwa ajili ya kusasisha BIOS

Diski ya kuwashia ni flashi, CD au disketi yenye mfumo mdogo wa uendeshaji unaoweza kuwasha kompyuta bila kutegemea diski kuu iliyo ndani yake. Mojawapo ya kazi zake ni kusasisha BIOS, yaani programu iliyohifadhiwa katika chipu ya ubao mama. Programu hiyo ndiyo inayotangulia kufanya kazi kompyuta inapowashwa: hukagua vifaa, kisha hukabidhi kazi kwa Windows au Linux. Katika kompyuta mpya zaidi nafasi yake imechukuliwa na UEFI.

Historia

Kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na BIOS katika chipu isiyoandikika upya. Kuibadilisha kulimaanisha kung'oa chipu na kuweka nyingine. Katika miaka ya 1990 zilienea chipu zinazofutika kwa umeme, na kazi hiyo ikawezekana kwa disketi ya MB 1.44 yenye MS-DOS. Siku hizi hutumika zaidi flashi yenye FreeDOS, mfumo wa bure ulioanzishwa na Jim Hall mwaka 1994. DOS huendesha programu moja tu kwa wakati, hivyo hakuna nyingine ya kuingilia uandishi wa chipu.

Utengenezaji

1. Andika jina kamili la modeli ya kompyuta na toleo la BIOS iliyopo. Faili ya modeli nyingine isitumike hata kama kompyuta zinafanana.
2. Pakua faili kutoka tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta.
3. Katika kompyuta yenye Windows, fungua programu ya bure iitwayo Rufus, chagua flashi, FreeDOS na muundo wa FAT32, kisha anza. Kila kilichomo katika flashi kitafutwa.
4. Nakili faili ya BIOS kwenye flashi. Jina lake lisizidi herufi nane kabla ya nukta, kwa sababu ndivyo DOS inavyosoma majina.
5. Chomeka flashi katika kompyuta inayosasishwa, iwashe na ufungue orodha ya vifaa vya kuwashia. Katika Dell nyingi hubonyezwa F12, katika HP nyingi F9.
6. Andika jina la faili, bonyeza Enter, na usiguse kitu mpaka kazi iishe.

Kompyuta zenye UEFI pekee haziwaki kwa FreeDOS. Nyingi kati ya hizo husoma faili moja kwa moja kutoka flashi ya FAT32 kupitia ukurasa wa mipangilio.

Hatari

Umeme ukikatika wakati chipu inaandikwa, BIOS hubaki nusu na kompyuta huenda isiwake tena. Kuweka Windows upya hakusaidii, kwa kuwa kilichoharibika si diski. Baadhi ya kompyuta zina BIOS ya akiba. Nyingine huhitaji fundi mwenye kifaa cha kuandikia chipu. Kwa hiyo kompyuta ya mezani iunganishwe na UPS yenye betri nzima, na ya mpakato iwe na chaji ya kutosha huku imechomekwa kwenye umeme. Kama kompyuta inafanya kazi vizuri na toleo jipya halizibi pengo la usalama wala kutatua tatizo lililopo, ni afadhali kuiacha.

Matumizi katika Mkoa wa Simiyu

Mkoa wa Simiyu, wenye makao makuu Bariadi, ulianzishwa mwaka 2012. Kwa shule yenye kompyuta kadhaa za modeli moja, njia hii hupunguza gharama: faili hupakuliwa mara moja, hata kwa bando la simu, na flashi moja huhudumia zote bila intaneti. Isifanywe wakati wa mvua za radi wala siku ambayo umeme unakatika-katika. Ni vizuri kuanza na kompyuta moja, na kuendelea na nyingine baada ya hiyo kuwaka salama.