Bendi Ikiweka Kambi, Shabiki Hufunga Safari

Tangazo lilirushwa usiku wa fainali ya Super Bowl, Februari 12, 2023, usiku ambao nusu dakika ya matangazo Marekani iliuzwa kwa takriban dola milioni 7. Halikuwa la bia wala la gari. Lilisema U2 wanakwenda Las Vegas kufungua ukumbi mpya uitwao Sphere, na kazi watakayoipiga ni albamu yao ya mwaka 1991, Achtung Baby. Mashabiki walishangilia, kisha wakaisoma taarifa ya bendi hadi chini, na huko chini ndiko walikokwama: mpiga dramu, Larry Mullen Jr., hatakuwepo. Anakwenda kufanyiwa upasuaji na kupumzika.

Kwa asiyewafuatilia, hilo ni jambo dogo. Bendi nyingi zimebadilisha wapiga dramu na maisha yakaendelea. Lakini Larry ndiye aliyeianzisha U2. Mwaka 1976, akiwa na umri wa miaka 14, alibandika karatasi kwenye ubao wa matangazo wa shule ya Mount Temple mjini Dublin, akitafuta wenzake wa kupiga muziki. Walioitikia walikutana jikoni kwa kina Larry, dramu zikachukua nafasi kubwa kuliko watu. Katika kundi hilo wakabaki Paul Hewson, ambaye dunia inamwita Bono. David Evans, yaani The Edge. Na Adam Clayton wa gitaa la besi. Ni hao wanne hadi leo. Hakuna aliyefukuzwa, hakuna aliyehama, na tangu mwaka 1978 hadi tangazo lile bendi haikuwahi kupanda jukwaani bila Larry.

Mara moja tu, Novemba 26, 1993, Adam alishindwa kupanda jukwaani mjini Sydney, Australia, na msaidizi wake wa magitaa akashika besi usiku ule. Ziara ile ilikuwa Zoo TV, iliyozaliwa na albamu hiihii ya Achtung Baby. Mwenye kupenda kuagua angeweza kusema nuksi imo ndani ya albamu yenyewe.

Nafasi ya Larry ilijazwa na Mholanzi Bram van den Berg, wa bendi ya Krezip. Mashabiki wakagawanyika. Wapo walioapa kwamba watatu na mgeni mmoja si U2, na wakasema hawatatoa hata senti. Wengine walihesabu miaka: wote wanne wameshavuka 60, Bono alifanyiwa upasuaji wa mgongo mwaka 2010 na wa moyo mwaka 2016, na Larry mwenyewe alikwisha kueleza gazetini mwishoni mwa 2022 kwamba mwili umechoka na kama kuna onyesho mwaka unaofuata huenda akalikosa. Hawa wa pili walisema kinachotolewa leo kipokelewe leo. Mimi niko upande wao, ingawa nawaelewa wa kwanza. Mtu aliyeipenda bendi kwa sababu ya undugu wake ana haki ya kuumia undugu huo unapopungukiwa mmoja.

Huku kwetu wengi wanamjua Bono kwa miwani yake na kampeni za madeni na dawa za ARV kuliko kwa nyimbo. Mwaka 2002 alizunguka Ghana, Afrika Kusini, Uganda na Ethiopia akiwa na Waziri wa Fedha wa Marekani wa wakati huo, Paul O'Neill, na picha za safari ile zilimfanya aonekane mwanasiasa mwenye gitaa. Shabiki wa U2 hupenda kuyasahau hayo kwa muda. Yeye anataka wimbo.

Na wimbo ulikuwa haba. Albamu yao ya mwisho yenye nyimbo mpya hadi wakati huo, Songs of Experience, ilitoka Desemba 2017. Machi 2023 walitoa Songs of Surrender, lakini hiyo ilikuwa nyimbo 40 za zamani zilizoimbwa upya kwa upole, kama wazee wanaoongea baada ya chakula cha usiku. Bono, kwa upande wake, alikuwa akipita kwenye mahojiano akiahidi albamu ya magitaa yenye makelele. Mashabiki waliishika ahadi hiyo kama hundi isiyo na tarehe.

Hapa lazima nikumbushe kisa cha mwaka 2014. Septemba 9 mwaka huo, U2 na kampuni ya Apple waliingiza albamu nzima, Songs of Innocence, kwenye akaunti za iTunes za watu takriban milioni 500, bure, bila kuulizwa. Kelele zilizofuata zilikuwa za watu wasioitaka, walioona simu zao zimevamiwa, na Bono baadaye aliomba radhi. Lakini kwa maoni yangu walioporwa hasa ni waliokuwa wakiitaka. Walikuwa wamengoja tangu mwaka 2009. Hawakupata wiki za kubashiri jina, kubishana kuhusu jalada, kuhesabu siku. Walilala hawana albamu, wakaamka nayo. Raha ya shabiki wa bendi kongwe kwa sehemu kubwa imo katika kungoja, na mwaka ule kungoja kulifutwa kwa kubonyeza kitufe.

Mwaka 2023 kungoja kulirudishwa kwa ukamilifu. Majira ya kiangazi fununu zilisambaa kwamba kuna wimbo mpya, kisha jina likajulikana: Atomic City. Halafu usiku wa Septemba 16, Mtaa wa Fremont katikati ya Las Vegas, bendi ilipanda juu ya lori na kurekodi video ya wimbo huo. Walioshuhudia waliusikia ukipigwa mara kadhaa, kama inavyokuwa kwenye kurekodi video, mpaka wakaanza kuitikia kiitikio cha wimbo ambao haujatoka. Na nyuma ya dramu alikuwepo Larry. Kwenye maonyesho hatakuwepo, lakini kwenye wimbo amepiga na kwenye video yumo. Kwa waliokuwa bado wananuna, naamini usiku ule ulitibu zaidi ya taarifa yoyote ya bendi.

Mtaa wenyewe haukuchaguliwa kwa bahati. Aprili 1987, bendi ikiwa katika ziara ya The Joshua Tree, U2 walitembea Mtaa huohuo wa Fremont usiku, Edge akiwa na gitaa lake, wakirekodi video ya I Still Haven't Found What I'm Looking For katikati ya wapita njia na mataa ya kasino. Walikuwa vijana wa miaka 20 na kitu, wakiutazama mji wa kamari kama watoto wa parokia walioingia baa. Shabiki aliyeijua video ile hakuhitaji kuelezwa kwa nini lori limeegeshwa pale.

Hata jina la wimbo lina historia nzito kuliko mdundo wake. Kuanzia Januari 1951 serikali ya Marekani ililipua mabomu ya nyuklia ya majaribio katika jangwa la Nevada, umbali wa takriban kilomita 100 kutoka Las Vegas. Mji ulijipachika jina la mji wa atomiki na kuligeuza kuwa biashara. Hoteli ziliuza vinywaji vilivyoitwa kwa jina la atomiki, na watalii walikesha juu ya mapaa ya hoteli wakisubiri mwanga wa alfajiri usio wa jua, kisha wingu lenye umbo la uyoga. Milipuko ya hewani ilikoma kufikia mwaka 1963. Kwa hiyo watu kukusanyika Las Vegas wakisubiri kitu kikubwa kiwake, huku mji ukihesabu mapato, ni kazi ya zamani pale.

Vivyo hivyo kwa muziki. Elvis Presley aliweka kambi katika hoteli ya International kuanzia Julai 31, 1969, akapiga maonyesho zaidi ya 600 hadi mwaka 1976. Celine Dion alianza yake Caesars Palace mwaka 2003. Kwa wapenzi wa roki, hata hivyo, Las Vegas ilikuwa na sifa mbaya: mahali pa msanii anayesubiri kiinua mgongo. Kwamba U2, bendi iliyojengwa barabarani, imekubali kukaa mahali pamoja, kuliwafanya wengi wakune kichwa.

Ila hesabu ilikuwa wazi. Ziara yao ya 360°, kati ya 2009 na 2011, ilikuwa na maonyesho 110 na jukwaa kubwa mno kiasi kwamba yalitengenezwa matatu, moja likitumika, jingine likijengwa mji unaofuata, la tatu likibomolewa. Huwezi kuwafanyia hivyo tena watu wenye migongo ile. Mkazi wa Dar es Salaam wa zama za dansi asingeshangaa: shabiki wa Sikinde alijua bendi iko DDC Kariakoo, na mwenye hamu aliifuata palepale. Tofauti ni nauli. Julai 2017 mkazi wa Dublin aliwaona U2 uwanja wa Croke Park kwa kupanda basi. Mwaka 2023 mtu huyohuyo alitakiwa aruke takriban kilomita 8,000, alale hoteli, ndipo awaone vijana wa mtaani kwake. Gharama ya safari iliyokuwa juu ya bendi imehamishiwa kwa shabiki, na sijaona maandamano. Yalitangazwa maonyesho matano kwanza, tiketi zikianzia dola 140. Hayakutosha. Yakaongezwa na kuongezwa tena hadi kufikia 40, na tiketi za walanguzi zikapanda kwa kadiri ya kiu ya mtu.

Ukumbi wenyewe ulikuwa umeshaanza kujitangaza. Julai 4, 2023, ganda la nje la Sphere liliwashwa kwa mara ya kwanza: tufe lenye urefu wa meta 112 na upana wa meta 157, likigeuka mwezi, mpira wa kikapu, jicho linalopepesa. Gharama ya ujenzi ilifika dola bilioni 2.3. Ndani kuna skrini inayopanda kutoka nyuma ya jukwaa na kufunika dari, takriban meta za mraba 15,000, na spika zimefichwa nyuma yake, zilizotengenezwa na kampuni ya Holoplot ya Berlin. Berlin ndiko ilikoanzia Achtung Baby: bendi iliingia studio za Hansa Oktoba 1990, Ujerumani ikiungana, wakagombana karibu wavunjike, na katikati ya ugomvi ukazuka wimbo wa One.

Sasa mashabiki wakapata fumbo ambalo hawakuwahi kulifumbua. Desturi yao ya miaka ni kusimama mbele kabisa. Kwenye ziara zilizopita foleni waliisimamia wenyewe: ukifika unaandikishwa, unachorwa namba mkononi kwa kalamu ya wino mzito, kisha majina yanaitwa saa zilizopangwa, na asiyeitika anafutwa hata kama alikwenda chooni. Mtu mwenye namba ndogo hanawi mkono ule kwa sabuni. Lakini Sphere, anayesimama chini karibu na jukwaa anaviona viatu vya Bono, na skrini anaitazama kwa kuvunja shingo. Anayetaka kuiona yote lazima akae juu, mbali, ambako wanamuziki ni wadogo kama njugu. Viti vingine vya ngazi ya chini, nyuma, vimefunikwa na ngazi ya juu, ambayo hukata sehemu ya picha. Basi ubishi wa miezi ukawa huo: tunakwenda kuwaona watu au kuona skrini? Waliojiweza walinunua tiketi mbili za siku mbili, moja chini, moja juu. Hilo nalo linaingia kwenye hesabu ya mwenye ukumbi.

Septemba 29, 2023, Atomic City ulitoka rasmi na siku hiyohiyo milango ikafunguliwa. Jukwaa lilikuwa na umbo la sahani ya kuzungushia santuri, wazo lililotoka kwa mtayarishaji wa muziki Brian Eno. Walianza na Zoo Station, na usiku ukawa wa Achtung Baby, ukikatwa katikati na nyimbo chache za gitaa kavu. Wimbo mpya ulisubirishwa hadi walipoitwa tena jukwaani, ukabanwa kati ya Elevation na Vertigo, nyimbo mbili ambazo kila aliyekuwemo anazijua tangu zamani. Hiyo ni nafasi ya heshima na pia ya tahadhari. Skrini ikaionyesha Las Vegas ya nje kana kwamba kuta zimeyeyuka, kisha majengo yakaanza kujibomoa, moja baada ya jingine, mpaka likabaki jangwa.

Ni dakika nne hivi za wimbo mchangamfu, mwepesi, wenye kuikonyeza bendi ya Blondie. Si kazi kubwa. Kinachonisumbua ni jambo jingine: Achtung Baby inaheshimiwa kwa kuwa ndiyo iliyoonyesha bendi iliyofika kileleni ikithubutu kujitupa chini na kuanza upya. Miaka 32 baadaye imegeuzwa kumbukumbu ya kutazamwa, na ujasiri wote umehamia kwenye balbu.

Onyesho la mwisho lilikuwa Machi 2, 2024, na tiketi zote kwa ujumla ziliingiza zaidi ya dola milioni 240. Septemba mwaka huo ukumbi uleule ukaanza kuonyesha filamu ya maonyesho hayo, V-U2, bila bendi, na watu wakanunua tiketi. Novemba U2 wakatoa How to Re-Assemble an Atomic Bomb, nyimbo 10 ambazo mashabiki walizipokea kama mpya ingawa zilibaki kwenye mikanda ya mwaka 2004. Hadi 2024 unaisha, albamu ya magitaa yenye makelele ilikuwa bado ni maneno ya Bono kwenye mahojiano.