Amani ya Morogoro Huanzia Shambani na Sokoni

Mafiga, katika Manispaa ya Morogoro, mama mwenye genge la karoti na ndizi kutoka Uluguru hukaa bega kwa bega na mwenzake anayeuza vilevile, na jioni kila mmoja hurudi kwake na cha kuwapa watoto. Amani tunayoiombea misikitini na makanisani inasimama juu ya riziki hiyo. Aliyekosa riziki huwezi kumtuliza kwa virungu.

Milima ya Uluguru ina ushahidi wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Waingereza waliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Nia ya kuhifadhi ardhi haikuwa mbaya. Lakini kazi ilikuwa nzito, udongo wenye rutuba ulifukiwa, na mkulima hakuona faida. Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kupinga. Polisi walifyatua risasi, mtu mmoja akafa, na mpango ukaachwa mwaka huohuo. Mgeta, upande mwingine wa milima, wakulima waliyatunza matuta kwa sababu mboga walizozimwagilia humo ziliwapa fedha. Palipokuwa na kipato, hapakuhitajika bunduki.

Somo hilo tulilipuuza, tukalilipia wilayani Kilosa. Desemba 8, 2000, watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Wapo waliosema ni chuki za makabila. Chanzo kilikuwa ardhi na maji: mkulima asiye na akiba akiliwa shamba lake hana cha kumvusha hadi msimu ujao, na mfugaji akikosa malisho anaona mali yake yote ikifa mbele yake. Wanyonge wawili walipambanishwa na dhiki, wakapigana wao kwa wao.

Nyenzo za kuzuia hayo tunazo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ipo tangu 1999, na sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi tangu 2007. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Kijana wa bodaboda anayelipa hesabu ya tajiri kila siku angeweza kumiliki chombo chake. Muuza mboga angeongeza mtaji bila kukimbilia mikopo ya kausha damu.

Basi madiwani wabandike katika ofisi za kata majina ya vikundi vilivyokopeshwa na kiasi kilichotolewa, na kila kijiji kipimiwe mipaka ya mashamba na malisho kabla ya ugomvi, si baada ya mazishi. Nawe msomaji, hudhuria mkutano wa mtaa wako, uliza fedha hizo zimekwenda wapi. Kuuliza huko ni kulinda amani.