Kuponya Uhusiano wa Wakristo (2): Toba Inayotoka Kanisani Ikafika kwa Jirani

Juma lililopita tulisema kwamba ugomvi wa Wakristo mara nyingi hauanzii kwenye mafundisho. Huku kwetu Kibingo, na Kyerwa na Karagwe kwa jumla, huanzia kwenye mpaka wa kibanja, kwenye fedha za kahawa ambazo ndugu mmoja alizipokea kwa niaba ya wenzake, au kwenye uongozi wa kwaya. Baadaye huingia kanisani na kuvaa joho la dini. Mzee wa kanisa hasalimiani na mwinjilisti. Wote wawili husali kwa machozi, na wote wawili huenda Meza ya Bwana. Basi watu huuliza, na wana haki ya kuuliza: kama kujinyenyekeza mbele za Mungu kunaponya, mbona hawa hawaponi?

Naona ni kwa sababu wamepiga magoti bila kufunga safari. Na wazee wetu wa uamsho wa Afrika Mashariki walilijua hilo vizuri kuliko sisi.

Ng'ambo ya Mto Kagera, mashariki mwa Rwanda, kando ya Ziwa Muhazi, ipo hospitali ya misheni ya Gahini. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 palikuwa na uhusiano mbaya kati ya watumishi Waafrika na Wazungu wa pale, akiwemo daktari Mwingereza Joe Church. Yosiya Kinuka, msaidizi wa hospitali, alikwenda Kampala kwa Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa amesoma Biblia na kuomba pamoja na Church mwaka 1929. Kinuka akamwaga malalamiko yake yote kuhusu hali ya hospitali. Nsibambi akamwambia aanze kuangalia dhambi iliyo moyoni mwake. Si jibu ambalo mtu mwenye malalamiko hupenda kulisikia. Lakini katika safari ya kurudi Kinuka alijisalimisha kwa Mungu, na Gahini wakampokea mtu mwingine. Moto wa uamsho uliowaka hapo ulivuka mpaka, na kufikia mwisho wa miaka ya 1930 ulikuwa umeingia Tanganyika kupitia chuo cha ualimu cha Katoke. Josiah Kibira, askofu wa Dayosisi ya Kaskazini Magharibi kuanzia 1964 hadi 1984 na Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Fungamano la Kilutheri Duniani, alikuwa mtoto wa uamsho huo.

Festo Kivengere, aliyekuja kuwa askofu wa Kigezi, aliokoka mwaka 1941. Kulikuwa na Mzungu mmoja ambaye Kivengere alimchukia. Alipanda baiskeli akaenda maili 50 hivi, yaani kilometa 80, kumwomba msamaha. Enzi zile ni za ukoloni. Sidhani Kivengere alikosa cha kumlaumu Mzungu yule. Hata hivyo alibeba deni lake mwenyewe, la mwenzake akaliacha. Miaka ya baadaye alisimulia pia jinsi alivyomwonea wivu mwenzake William Nagenda kwa kuhubiri vizuri kuliko yeye, na jinsi alivyokwenda kumwambia hivyo waziwazi. Hebu fikiri: mhubiri anamwendea mhubiri na kukiri wivu! Katika mabaraza yetu ya usharika wivu huitwa "tofauti za kiutendaji".

Sikilizeni toba zetu. "Kama nimekukosea, unisamehe." Hapo hakuna aliyeungama kitu, "kama" imemwachia mwenzako kazi ya kuthibitisha kosa. Nyingine ni mbaya zaidi: "Nakiri nilikuchukia kwa ajili ya majivuno yako." Huyo amekuja na shitaka alilolifunga kwa kitambaa cha toba. Anayejua kweli amesimama mbele za Mungu hutaja tendo lake, kisha hunyamaza.

Wana uamsho nao waliteleza. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, Nagenda akiwa mmojawapo, baada ya mvutano mkali na uongozi. Makosa yalikuwa pande zote. Lakini kila palipozuka mifarakano ya namna hiyo, ilionekana jinsi kujinyenyekeza kunavyoweza kugeuzwa kipimo cha kuwapimia wengine: huyu yumo nuruni, yule hayumo. Mtu akishaanza kuhesabu unyenyekevu wa jirani, wake umekwisha.

Kuna jambo lazima niliseme kwa ukali kidogo. Mjane aliyeng'olewa milamula, mimea ya kuonyesha mpaka wake, usiku ikapandwa hatua kadhaa ndani ya shamba lake, asiambiwe ajinyenyekeze ili kanisa lipate amani. Wa kujinyenyekeza ni aliyeing'oa, naye ataonekana amejinyenyekeza atakapoirudisha mahali pake mchana, watu wakiona. Waliookoka zamani walirudisha vitu walivyoiba kwa waajiri na kwa misheni. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne. Kanisa linalomhimiza mwenye haki anyamaze halijapatanisha mtu.

Paulo, katika waraka kwa Wafilipi, aliwasihi kwa majina wanawake wawili watenda kazi, Euodia na Sintike, wapatane. Sura ya pili ya waraka huohuo inaeleza jinsi Kristo alivyojishusha hata msalabani. Mimi husoma sura ile nikiwakumbuka wale wawili, kwa maana mafundisho yale makuu yalikuwa na watu wa kuyatumia.

Basi ombi langu kwa wazee wa sharika za Kibingo ni dogo. Meza ya Bwana itangazwe majuma mawili kabla, na tangazo liseme wazi kwamba muda huo ni wa kwendeana. Aliye na neno na mwenzake aende nyumbani kwake, au amchukue mzee mmoja wakaenda pamoja. Aliyekwenda akakataliwa, tutamzungumzia katika sehemu ya tatu.