Cha Juu na Hongo: Fungu la Siri na Fungu la Wazi

Katika biashara ya Tanzania, cha juu ni fedha ambayo mtu wa kati huiongeza juu ya bei halisi na kuitia mfukoni bila mwenye mali wala mnunuzi kumpa ridhaa. Mathalani, mfugaji nyuki wa Tabora akimwambia dalali kwamba ndoo ya asali ni shilingi 100,000, naye dalali akamtajia mnunuzi 120,000, zile 20,000 ndizo cha juu. Lau pande zote mbili zingezijua na kuziridhia, zingeitwa udalali au kamisheni.

Tofauti hiyo hudhihirika zaidi katika historia ya njia ya misafara ya karne ya 19, iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo hadi Tabora na Ujiji. Hongo, ambayo leo ni jina la rushwa, wakati huo ilikuwa ushuru wa kupita katika nchi ya mtemi, nayo ililipwa kwa shanga, nyaya, na vitambaa vya merikani na kaniki vilivyopimwa kwa doti, yaani mikono minane. Mapatano yaliweza kuchukua siku kadhaa na wafanyabiashara walikilalamikia kiwango, lakini kwa kuwa kilitajwa waziwazi, tajiri wa msafara aliweza kukiingiza katika hesabu ya pembe zake za ndovu. Vivyo hivyo, kwa desturi ya Unyamwezi, ndovu akiuawa mtemi alistahiki pembe moja, na mwindaji alilijua hilo kabla ya kuingia porini.

Kwa kuwa fungu lilijulikana, liliweza kupingwa: karibu na mwaka 1860, Mtemi Mnywa Sere wa Unyanyembe alipowatoza kodi wafanyabiashara Waarabu wa Tabora, walipigana naye wakamwondoa na kumtawaza Mkasiwa.

Cha juu hakileti vita, kwa sababu aliyepunjwa hana habari. Kwa mfano, mfanyakazi anayeinunulia ofisi bidhaa huafikiana na muuza duka, risiti ikaandikwa bei kubwa kuliko iliyolipwa, na hesabu za mwajiri zikaonekana safi. Ndiyo maana Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inahesabu kuwa kosa matumizi ya nyaraka za kumpotosha mwajiri. Kwa hiyo, ukubwa wa fungu si kipimo cha kutosha, kwani hongo ya Ugogo huenda ilikuwa nzito kuliko cha juu cha dalali. La msingi ni kama anayelilipa amepewa nafasi ya kulijua, kulijadili na kulikataa.