DC-3 Mezani: Mwalimu Mkali Kuliko Jeti

Anayetaka kuelewa kazi ya rubani kupitia programu ya kompyuta ya kuigiza urushaji wa ndege afadhali aanze na Douglas DC-3, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1935, kabla ya kugusa jeti yoyote. Kwenye jeti za leo kompyuta hubeba sehemu kubwa ya mzigo. Katika DC-3 kila injini ina wenzo wa nguvu, wa mchanganyiko wa mafuta na hewa, na wa pembe ya mapanga ya propela, na yote huongozwa kwa mkono. Ukipunguza mizunguko ya propela kabla ya kupunguza nguvu, injini huelemewa. Ardhini ni kugumu zaidi: kitovu cha uzito kiko nyuma ya magurudumu makubwa, hivyo mkia hutaka kutangulia, na rubani asipowahi pedali ndege hujizungusha.

Wapo watakaosema huu ni mchezo tu: kiti hakitikisiki, petroli hainuki, na anayeanguka hubonyeza kitufe akaanza upya. Ni kweli, wala mezani miguu haifundishiki kikamilifu. Lakini mpangilio wa kazi, yaani kipi kitangulie na kwa nini, hauhitaji mtikisiko. Na DC-3 si ngeni katika anga la Afrika Mashariki: shirika la ndege la East African Airways lilizitumia. Basi, msomaji, jaribu safari ya Nairobi hadi Dar es Salaam, na usukani ushike mwenyewe.