Dirisha au msimu? Somo la roketi kutoka kwa mjukuu

Mwezi uliopita mjukuu wangu aliye Gredi ya 9 alinijia nyumbani hapa Machakos amenuna, daftari la insha mkononi. Mwalimu wake wa Kiswahili alikuwa amewaagiza waandike kuhusu 'Safari Nisiyoweza Kuisahau'. Wenzake walikwenda Mombasa kwa treni, au kijijini kwa Krismasi. Yeye alikwenda mwezini, akakwama huko, kisha akatuma chombo cha pili kikamwokoe rubani wa kwanza. Insha ilijaa miduara ya kalamu nyekundu. Nilihesabu 14, na kila mmoja ulizingira neno la Kiingereza.

"Susu, hii si makosa yangu," akaniambia. "Kiswahili haina hizi maneno."

Upatanisho wa kisarufi tuliuweka kando siku hiyo. Lililonichoma ni dai lenyewe. Nimefundisha lugha hii kwa zaidi ya miaka 30, na dai hilo nimelisikia mara nyingi kutoka kwa watu wazima wenye digrii zao. Safari hii lilitoka kwa mtoto aliyejaribu kwa dhati kueleza kwa Kiswahili jambo analolipenda kuliko yote, akaambulia wino mwekundu. Mtoto kama huyo akikata tamaa, hatarudi tena. Nikamwambia afungue kompyuta, anionyeshe safari zake moja baada ya nyingine, nami niyatafute maneno.

Mchezo wenyewe unaitwa Kerbal Space Program. Ulibuniwa na kampuni ya Squad ya Mexico, ukatolewa kwa umma mara ya kwanza Juni 2011, na toleo kamili likafuata Aprili 2015. Mchezaji huunda roketi kipande kwa kipande, akawapandisha humo viumbe wadogo wa kijani waitwao Kerbal, kisha akairusha kutoka sayari ya Kerbin. Sayari hiyo ni ndogo: nusu kipenyo chake ni kilomita 600, ilhali cha dunia yetu kinapita kilomita 6,300. Hata hivyo, mwendo wa vyombo humo unafuata fizikia ya kweli kwa kiasi kikubwa, hata mnamo 2014 shirika la NASA likashirikiana na waundaji wake kuongeza safari za kukamata asteroidi. Kwa hivyo msomaji asidhani tunazungumzia upuuzi wa watoto.

Safari ya kwanza ambayo wachezaji wengi huikumbuka ni ile iliyowashinda. Roketi ya mjukuu wangu ilipaa wima, ikavuka mwisho wa hewa ya Kerbin, ambayo huishia kilomita 70 juu, kisha ikarudi chini kama embe bivu. "Nilidhani ukifika juu unabaki tu," akasema. Wengi wetu twadhani hivyo. Sisi wa Machakos tuna Kyamwilu, ambapo gari lililozimwa huonekana likipanda mlima lenyewe, lakini hata huko kitu kilichotupwa juu hushuka.

Kinachokiweka chombo angani ni mwendo wa kwenda kando. Simama juu ya vilima vya Iveti, urushe jiwe mbele yako. Litaanguka karibu. Lirushe kwa nguvu zaidi, litaanguka mbali zaidi. Sasa fikiria umelirusha kwa kasi kubwa hivi kwamba kila linapoanguka, ardhi nayo, kwa kuwa ni mviringo, inapinda na kulikwepa. Jiwe hilo litaanguka daima bila kufika chini. Kama hewa isingelizuia, kasi inayohitajika katika dunia yetu ni takriban kilomita 8 kwa sekunde. Kwenye Kerbin ni zaidi kidogo ya 2.

Njia hiyo ya kuanguka bila kufika ndiyo iliyopata mduara wa kwanza kwenye insha. Vitabu vingine huiita obiti, kwa njia ya utohozi. Vingine husema mzingo, kutokana na kitenzi zinga, ambacho ni jamaa ya zingira. Nilimpa yote mawili. Akachagua mzingo, "kwa sababu unaskia tu inazunguka." Sina la kuongeza juu ya hoja hiyo.

Hapo nikamwonyesha kwamba alikuwa tayari ameandika maneno mawili ya anga bila kusita: chombo na rubani. Chombo, kwa maana moja ya kale huko pwani, ni jahazi. Rubani, neno lenye asili ya Kiarabu, alikuwa mwongoza meli kabla hajapanda ndege. Maneno hayo yalitoka baharini yakapaa, na hakuna aliyepiga kelele. Wanaisimu huiita njia hii upanuzi wa maana: neno lililopo linapewa kazi mpya inayofanana na ile ya zamani. Roketi na setilaiti tumezikopa, nazo zimetulia. Sioni haja ya kuzifukuza. Lakini kabla ya kukopa ni vyema tukague ghala letu, hasa ghala la mabaharia.

Chukua mfano wa kurusha. Roketi hurushwa, sawa. Lakini mnamo Mei 11, 2018, setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, mchemraba wenye pande za sentimita 10, ilitolewa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga ikaanza kuizunguka dunia. Kulikuwa na kuirusha hapo? Roketi ilikuwa imekwisha kazi yake wiki kadhaa awali. Mabaharia wana kitenzi kinachofaa zaidi: kushua, yaani kukiingiza chombo majini kutoka nchi kavu. Roketi tuirushe, setilaiti tuishue.

Safari ya pili ndiyo ile ya insha. Mjukuu wangu alitua kwenye Mun, mwezi mmojawapo wa Kerbin, akapaa tena, kisha mafuta yakamwishia akiwa anauzunguka. Chombo kizima, rubani mzima, ila hakuna pa kwenda. "Amekwama," aliandika, na neno hilo si kosa. Lakini lori likikwama topeni kuna kitu kilichoishika gurudumu; hapa hakuna kilichomshika. Kilichokuwa kikimbeba ndicho kilichoondoka. Pwani, maji yakipwa na kuacha jahazi juu ya mchanga, husemwa kwamba limepwelewa. Rubani wake alipwelewa. Anangoja maji yajae, na maji hayo ni chombo cha pili.

Kumfikia ndiko kulikomfundisha mjukuu wangu somo gumu zaidi. Ukitaka kumfikia aliye mbele yako kwenye mzingo uleule, usiongeze mwendo. Ukiongeza, unapanda kwenye mzingo wa juu, ulio mrefu zaidi, nawe unaachwa nyuma. Punguza mwendo, ushuke kwenye mzingo wa chini, ulio mfupi, nawe utampata. Haraka haraka haina baraka. Tulidhani ni nasaha tu, kumbe angani ni hesabu. Na vyombo viwili vinapokutana polepole hadi vikashikana, tuna kutia gati, kama ambavyo meli hufanya Kilindini.

Safari ya tatu ilikuwa ya kwenda Duna, sayari nyekundu ya mchezo huo, na hapa ndipo nilipoaibika. Huwezi kuondoka siku yoyote unayotaka, kwa sababu Kerbin na Duna zote zinalizunguka jua kwa mwendo tofauti. Lazima ungoje zikae mkao unaofaa. Katika anga halisi, mkao kama huo kati ya dunia na Mirihi hurudi kila baada ya miezi 26 hivi. Mjukuu akaniuliza kipindi hicho kinaitwaje. Nikajibu haraka, kwa sauti ya kiprofesa: "Dirisha la kurusha."

Akanitazama. "Dirisha? Kama ile ya Arsenal kununua wachezaji?"

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Nilikuwa nimefanya kile ninachowakataza wanafunzi wangu kila mwaka: nimelichukua neno la Kiingereza, nikalivisha kanzu, nikalileta mbele ya mtoto. Dirisha la uhamisho limekwisha kuzoeleka miongoni mwa mashabiki wa kandanda, na silipingi. Lakini kwa safari za masafa marefu, zinazotegemea mambo asiyoyamudu nahodha, watu wa pwani walikuwa na neno karne nyingi kabla ya roketi. Jahazi la kutoka Uarabuni lilikuja kwa kaskazi, tangu mwishoni mwa mwaka hadi Machi hivi, na kurejea kwa kusi. Nahodha aliyechelewa alilala bandarini hadi pepo zigeuke. Kipindi hicho kiliitwa, na bado kinaitwa, msimu. Neno hilo limetokana na Kiarabu mawsim, ambalo pia ndilo lililowapa Wazungu jina la pepo hizo. Basi anayekwenda Duna hangoji dirisha. Anangoja msimu.

"Hiyo inaeleweka," mjukuu akasema. Nami nimeiandika kwenye daftari langu.

Safari ya nne haikuhitaji kamusi. Chombo kilikuwa kikirejea nyumbani, mafuta yakaisha kikiwa kwenye mzingo uliopita kilomita chache tu juu ya hewa ya Kerbin. Kingeguswa na hewa hiyo, kingepunguza mwendo na kushuka. Bila kuguswa kingezunguka milele. Rubani akatoka nje na mkoba wa gesi mgongoni, akakishika chombo kwa mbele, akakisukuma kinyume na kilikokuwa kikienda. Gesi ilipokaribia kuisha alirudi ndani, mkoba ukajaa, akatoka tena. Wachezaji kote duniani wana kisa chao cha namna hii, na hukisimulia kwa fahari kuliko safari zilizokwenda sawa. Yeyote aliyepanda matatu za mashambani wakati wa mvua anakijua kisa hicho. Makanga hufungua mlango na kusema, "Shukeni msukume." Mjukuu aliandika maneno hayohayo, na yalikuwa sahihi.

Kuna atakayeuliza: ya nini haya yote kwa ajili ya mchezo? Nitamjibu kwa habari ya jirani zetu. Desemba 30, 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha takriban mita 2.5 na uzani wa takriban kilo 500 ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni. Shirika la Anga la Kenya lilieleza kwamba ni pete ya kutenganishia sehemu za roketi. Fikiria mama aliyekuwa shambani alasiri hiyo. Ana haki ya kuelezwa, kwa lugha anayoielewa, kitu hicho kilikuwa wapi, kilizungukaje, na kwa nini kilishuka. Maelezo hayo yanahitaji maneno yaleyale 14 yaliyozungushiwa wino mwekundu.

Wala Kiswahili si mgeni huko juu. Desemba 12, 1970, setilaiti ya kwanza mahususi ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka anga za mbali ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, katika Ghuba ya Ungwana karibu na Malindi. Mahali hapo pana faida: karibu na ikweta ardhi yenyewe inakwenda mashariki kwa takriban kilomita 1,670 kwa saa, kwa hivyo roketi inaanza safari imeshapigwa jeki. Waundaji wa Kerbal walilijua hilo, wakakiweka kituo chao cha kurushia karibu kabisa na ikweta ya Kerbin. Kwa kuwa ilikuwa Siku ya Jamhuri, setilaiti ile ikaitwa Uhuru. Orodha yake ya nne ilikuwa na vyanzo 339 vya miali hiyo, na hadi leo wanaastronomia huvitaja kwa majina kama 4U 1820-30. Herufi U hapo ni Uhuru. Neno letu limo katika majina ya vitu vya mbali angani kwa zaidi ya nusu karne, na mtoto wa Machakos anaambiwa lugha yake haiwezi kufika huko.

Mjukuu aliiandika upya insha yake. Juzi imerudi na mduara mmoja tu. Umezingira neno alipwelewa, na pembeni mwalimu ameuliza: 'Neno gani hili?' Mjukuu alitaka kujua afanye nini. Nimemwambia ampelekee kamusi, lakini kwa adabu.