Mkopo unaolipwa na bili iliyopungua

Jengo la uhandisi la Zachry, katika Chuo Kikuu cha Texas A&M nchini Marekani, lilikuwa na njia mbili za hewa: moja ya moto, nyingine ya baridi. Feni kubwa zilisukuma hewa hizo kwa kasi ileile, watu wawepo wasiwepo, kisha zikachanganywa kwenye kisanduku kabla ya kuingia vyumbani. Chuo kililipia kupasha hewa, kikalipia kuipoza, halafu kikazivuruga kazi hizo mbili pamoja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mfumo huo ulibadilishwa. Feni zilifungiwa vidhibiti vya mwendo ili zipeleke hewa kadiri inavyohitajika tu. Faida yake si ndogo: kwa hesabu za uhandisi, feni ikipunguzwa mwendo hadi asilimia 80 hutumia takriban nusu ya umeme wa awali.

Mradi huo ni miongoni mwa kazi za mwanzo za LoanSTAR, mfuko wa umma wa jimbo la Texas unaozikopesha shule, vyuo, hospitali za umma, idara za serikali na halmashauri ili zipunguze matumizi ya nishati. Asili ya fedha zake inastahili kukumbukwa. Kati ya 1973 na 1981, bei za mafuta zikiwa chini ya udhibiti wa serikali ya Marekani, baadhi ya kampuni ziliuza kwa bei iliyopita kiwango. Kesi iliyovuma zaidi ni ya Exxon, iliyolazimika mwaka 1986 kulipa takriban dola bilioni 2.1, riba ikiwemo, kwa mafuta ya visima vya Hawkins, huko huko Texas. Kwa kuwa kumtafuta kila mnunuzi arudishiwe haki yake hakukuwezekana, fedha za kesi za namna hiyo ziligawiwa majimbo kwa miradi ya nishati yenye manufaa kwa umma.

Texas ingeweza kuzigawa kama ruzuku zikaisha. Badala yake, mwaka 1988 ilianzisha mfuko wa dola milioni 98.6 wa kukopesha kwa riba nafuu. Taasisi hukaguliwa kwanza na wahandisi, hukopa kwa kazi zilizothibitishwa kwamba zitaokoa fedha, kisha hulipa deni kutokana na kile kilichopungua kwenye bili. Marejesho hukopeshwa taasisi nyingine.

Lakini wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari ni mita. Texas ilijenga upimaji ndani ya mpango tangu mwanzo. Maabara ya Mifumo ya Nishati ya Texas A&M ilifunga vifaa vya kurekodi matumizi saa baada ya saa, kisha ikalinganisha kabla na baada ya matengenezo, ikizingatia mabadiliko ya hali ya hewa. Vipimo hivyo vilifichua jambo jingine: hata majengo yaliyokwisha kufungiwa mitambo mipya yaliendelea kupoteza nishati, kwa sababu tu mitambo ilikuwa imeratibiwa vibaya. Marekebisho mengi hayakuhitaji kununua kifaa chochote, na kazi ya kuyafanya ikawa taaluma inayojitegemea.

Kwetu, Kenya ilipiga hatua ya maana kwa kanuni za usimamizi wa nishati za mwaka 2012. Ziliagiza kwamba jengo au kiwanda kinachotumia zaidi ya uniti 180,000 kwa mwaka kikaguliwe angalau mara moja kila miaka mitatu, na mwenyewe atekeleze angalau nusu ya akiba iliyobainishwa. Ukaguzi huonyesha pa kuziba, lakini hospitali ya umma isiyo na fedha za kununua boila mpya huishia kuiweka ripoti kabatini. Hapo ndipo mfuko wa mzunguko, kama huo wa Texas, unapohitajika.

Serikali itakayouanzisha itenge fedha za mita na za wataalamu wa kuzisoma kabla ya kutoa mkopo wa kwanza. Hazina nayo ikubali kwamba akiba ibaki kwa aliyeitafuta mpaka deni limalizike. Hospitali ikipunguza bili, halafu mwaka unaofuata bajeti yake ikakatwa kiasi kilekile, itakuwa haina cha kulipia mkopo, na hakuna mganga mkuu atakayethubutu kukopa tena.